Bagan, mji wa wafalme uliojengwa kwa thawabu

UKITAJA Burma mjini Nairobi, wengi watadhani unakwenda kununua nyama katika soko lile la karibu na Jogoo Road. Katika jamaa nyingi pia kuna kumbukumbu ya babu aliyechukuliwa na Keya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akapelekwa Burma, na aliporudi akawa na hadithi za msitu, mvua na Wajapani.

Lakini Burma, nchi ambayo tangu mwaka wa 1989 huitwa rasmi Myanmar, ina jambo jingine ambalo huenda babu hakulisimulia. Kando ya mto Ayeyarwady, katika tambarare kavu ya katikati ya nchi hiyo, kuna mji wa kale uitwao Bagan. Kwa zaidi ya miaka 200 ulikuwa makao ya wafalme waliotawala sehemu kubwa ya nchi ile.

Hebu fikiria, msomaji, eneo la kilomita 100 mraba hivi, karibu sawa na Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Sasa badala ya twiga na nyumbu, lijaze mahekalu ya matofali mekundu. Mengine ni madogo kama kibanda cha mlinzi, na mengine ni marefu kama jengo la ghorofa ishirini. Wataalamu wameorodhesha zaidi ya majengo 3,500, mengine yakiwa mazima na mengine magofu. Mengi yao yalijengwa kati ya karne ya 11 na karne ya 13.

Ni nani waliojenga majengo yote haya, na kwa sababu gani? Na ikiwa ufalme ulikuwa na uwezo kiasi hicho, mbona ukaanguka? Majibu ya maswali haya mawili yanakaribiana kuliko vile unavyoweza kudhani.

Nchi kavu, watu wakarimu

Usitarajie msitu. Milima ya magharibi huzuia mvua, na tambarare ya Bagan ni kavu, yenye miti ya miiba na vumbi jekundu. Mtu wa Ukambani au Baringo hatajiona mgeni. Wakulima hupanda simsim, njugu na mbaazi, na hulima kwa ng'ombe katikati ya mahekalu, jembe likipita hatua chache tu kutoka kwenye ukuta wa miaka 800.

Hapa na pale imesimama mivumo, jamaa ya minazi. Wagema huipanda asubuhi na jioni wakiwa na vyungu vyao, kama wafanyavyo wenzao wa Kilifi. Utomvu mwingine huachwa uchachuke ukawa tembo, na mwingine huchemshwa mpaka ukawa vipande vya sukari nguru ambavyo mgeni huletewa pamoja na chai.

Wanaume kwa wanawake huvaa longyi, kitambaa kinachofungwa kiunoni kama kikoi. Wanawake na watoto hujipaka mashavuni unga wa mti uitwao thanaka, uliosagwa juu ya jiwe na kuchanganywa na maji. Mama wa Lamu au Mombasa akiuona atasema mara moja kwamba hiyo ni liwa. Mti si ule ule, lakini kazi ni moja: kupoza ngozi, kuzuia jua na kupendeza.

Kabla ya kuingia hekaluni, vua viatu. Vua na soksi pia, maana sheria ni miguu mitupu, hata kama hekalu ni gofu lisilo na paa. Funika mabega na magoti. Watalii wengi hujifunza upesi kwamba saa saba mchana sakafu ya matofali huchoma kama kikaango. Ndiyo maana wenyeji hutembelea mahekalu alfajiri au jioni.

Jambo jingine la kujua ni kwamba majengo haya ni ya aina mbili. La kwanza ni stupa, ambalo halina chumba. Ni kilima cha matofali chenye umbo la kengele, na ndani yake huzikwa masalio matakatifu. Huliingii, bali unalizunguka kwa miguu ukiliacha upande wako wa kulia. La pili ni hekalu lenye milango, kumbi na sanamu za Buddha. Mafundi wa Bagan walijua kupanga matofali yakaegemeana hata yakafanya tao linalobeba uzito mkubwa, ufundi uliokuwa adimu katika nchi za jirani wakati huo.

Mfalme na mizimu 37

Masimulizi ya Burma yanaanza na mfalme Anawrahta, aliyeshika ufalme mwaka wa 1044. Inasemekana mtawa mmoja, Shin Arahan, alifika kwake akamfundisha njia ya Buddha, yule mwana wa mtawala wa Bara Hindi ambaye zaidi ya miaka 2,400 iliyopita aliacha raha za nyumbani kwao akaenda kutafuta namna ya kuondoa mateso ya binadamu.

Mfalme akakosa vitabu vitakatifu. Masimulizi yanaeleza kwamba aliviomba kutoka kwa Manuha, mfalme wa Thaton kule kusini, naye akakataa. Mwaka wa 1057 Anawrahta akamvamia, akarudi na vitabu hivyo juu ya tembo weupe 32, pamoja na mafundi, watawa, na mfalme Manuha mwenyewe akiwa mfungwa. Wanahistoria wa siku hizi wanatilia shaka baadhi ya mambo katika hadithi hii, lakini hakuna anayebisha kwamba tangu wakati wa Anawrahta ujenzi wa Bagan ulishika kasi.

Yapo magumu aliyokutana nayo. Watu wake walikuwa na mizimu yao, iitwayo nat, waliyoitolea sadaka tangu enzi za mababu. Anawrahta alijaribu kuikomesha akashindwa. Mwishowe akafanya jambo la hekima, au la ujanja, wewe mwenyewe uamue. Alipoanza kujenga stupa kubwa ya Shwezigon, akaruhusu sanamu za mizimu 37 ziwekwe katika uwanja wake. Aliona kwamba watu wakija kwa ajili ya mizimu yao, watakutana na dini mpya.

Shwezigon ingali imesimama, imepakwa dhahabu, na watu wangali wakija kwa sababu zote mbili. Safari ya kilomita 50 hivi kutoka Bagan itakufikisha Mlima Popa, volkano iliyozimika, ambako mizimu hiyo ina makao yake makuu. Karibu na mlima huo kuna mwamba uliosimama peke yake kama kidole, na wageni huupanda kwa ngazi 777, huku nyani wakivizia ndizi zao.

Akiba ya maisha yajayo

Sasa turudi kwenye lile swali la kwanza. Kwa nini mahekalu maelfu? Hakuna mji unaohitaji nyumba za ibada kiasi hicho.

Jibu ni neno ambalo Mswahili analijua vizuri: thawabu. Kwa imani ya Wabuddha, mtu huzaliwa tena na tena, na tendo jema la leo ni akiba ya maisha yajayo. Na katika Bagan hakukuwa na tendo lililopita kujenga nyumba ya Buddha. Mfalme alijenga, malkia akajenga, waziri akajenga, na tajiri wa kijijini naye akajenga kadiri ya mfuko wake. Hakuna aliyetosheka na hekalu alilojenga jirani yake, maana thawabu ya jirani si yako.

Nyumba za watu, hata jumba la mfalme, zilikuwa za mbao na mianzi. Tofali lilikuwa la kazi za dini na kuta za mji. Ndiyo sababu leo utaona mahekalu kila upande lakini huoni nyumba za waliyoyajenga. Mchwa, moto na mvua vimemaliza kila kitu walichojijengea wenyewe.

Aliyejenga hekalu hakuishia hapo. Aliliwekea wakfu. Alitoa mashamba ya mpunga, mivumo, ng'ombe, na hata watu wa kulihudumia, wao na vizazi vyao. Kisha akaagiza yote yaandikwe juu ya jiwe. Mawe hayo yapo mengi, na wasomi wameyasoma. Yanaeleza waashi, maseremala na wachoraji walilipwa nini, ikiwa ni fedha, nguo au mpunga. Mwisho wake mara nyingi huwa ni baraka kwa atakayeutunza wakfu, na laana kali kwa atakayethubutu kuula.

Lakini tusisahau wale waliotolewa pamoja na mashamba. Baadhi yao walijitoa kwa hiari kwa ajili ya dini, wengine walikuwa mateka wa vita. Watumwa wa hekalu hawakuweza kukombolewa hata na mfalme, na katika karne za baadaye watoto wao walitengwa na jamii. Thawabu ya mmoja ilikuwa kifungo cha mwingine.

Mwana wa mfalme aliyekosa kiti

Katika mawe yote hayo, moja linastahili kusomwa na kila jamaa. Liko Myazedi, karibu na kijiji cha Myinkaba, na liliandikwa mwaka wa 1113.

Mfalme Kyansittha alikuwa na mke aliyempenda sana, akampa vito vya thamani. Mke huyo alimzalia mwana, Rajakumar. Mama akafariki, na mfalme akavitoa vito vile kwa kijana pamoja na vijiji vitatu. Lakini kiti cha ufalme kilikuwa kimekwisha kuahidiwa mtu mwingine, mjukuu wa Kyansittha kwa binti yake.

Baada ya miaka 28 ya utawala, mfalme akaugua ugonjwa wa kufa. Unajua, msomaji, kinachotokea katika nyumba nyingi mzee akiwa kitandani na mali ikiwa nje. Rajakumar alikuwa na kila sababu ya kuchukua upanga. Badala yake alivichukua vito vya mama yake, akatengeneza sanamu ya Buddha ya dhahabu, akampelekea baba yake. Akamwambia kuwa ameitengeneza kwa niaba yake, na kwamba vile vijiji vitatu anavitoa kwa sanamu hiyo.

Jiwe linasema mfalme alifurahi, akasema vyema, kisha akamimina maji juu ya ardhi mbele ya watawa ili kuithibitisha sadaka ya mwanawe.

Rajakumar aliandika habari hii kwa lugha nne katika pande nne za jiwe: Kipali, Kimon, Kiburma na Kipyu. Kipyu kilikwisha kufa, na hakuna mtu duniani aliyeweza kukisoma mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, pale msomi Charles Otto Blagden alipolinganisha pande hizo nne. Kwa hiyo kijana aliyenyimwa ufalme ndiye aliyeiokoa lugha nzima isipotee. Mwaka wa 2015 shirika la UNESCO liliingiza jiwe hilo katika orodha ya kumbukumbu muhimu za dunia.

Nyuso za Buddha

Ukiwa na siku mbili tu, nenda kwanza Ananda. Hekalu hili linahusishwa na Kyansittha huyo huyo, na linafikia urefu wa mita 50 hivi, jeupe lenye kilele cha dhahabu. Ndani yake wamesimama Buddha wanne wa mbao, kila mmoja akitazama upande wake wa dunia, na kila mmoja ana urefu wa zaidi ya mita 9. Wawili ni wa tangu mwanzo, wa kaskazini na wa kusini. Wale wengine waliwekwa baadaye.

Msogelee yule wa kusini mpaka miguuni pake, umtazame. Utaona uso wenye huzuni. Sasa rudi nyuma polepole hadi mlangoni. Uso ule ule unatabasamu. Wenyeji wanasema kwamba mbele walisimama wakubwa, ambao walihitaji kukemewa, na nyuma walisimama watu wa kawaida, ambao walihitaji kufarijiwa.

Thatbyinnyu, la katikati ya karne ya 12, lina zaidi ya mita 60, yaani zaidi ya nusu ya jumba la KICC la Nairobi, na lilijengwa bila saruji wala chuma.

Kisha kuna Dhammayangyi, kubwa kuliko yote kwa upana, na lenye sifa mbaya kuliko yote. Masimulizi yanamtaja mjenzi wake kuwa Narathu, aliyeshika ufalme mwaka wa 1167 baada ya kumuua baba yake na ndugu yake. Huenda alidhani hekalu kubwa lingefuta dhambi kubwa. Inasimuliwa kwamba aliwapima waashi kwa sindano, na pale sindano ilipopenya kati ya tofali na tofali, mwashi alikatwa mkono. Narathu naye akauawa baada ya miaka michache. Ukumbi wa ndani wa hekalu hilo umezibwa kwa matofali hadi juu, na sababu yake haijulikani mpaka leo. Popo ndio wenyeji wake.

Usiache kupita kwa Manuha, yule mfalme mfungwa. Inasemekana aliruhusiwa kujenga hekalu lake mwenyewe. Ndani yake aliweka sanamu kubwa mno katika vyumba vidogo mno. Mabega ya Buddha yanakaribia kugusa kuta na kifua kimevimba kama cha mtu aliyekosa pumzi. Ni Buddha wa nyuma tu, aliyelala akiikaribia raha ya milele, ndiye anayetabasamu. Mfungwa hakuandika neno la malalamiko, lakini kila anayeingia humo huyasikia.

Pagoda ikiisha, nchi imekwisha

Tumefika kwenye swali la pili. Ardhi iliyowekwa wakfu haikutozwa kodi. Kila hekalu jipya liliondoa mashamba mengine katika hazina ya mfalme, na thawabu haina kiwango cha mwisho. Kizazi baada ya kizazi, mali ya watawa iliongezeka na ya serikali ikapungua. Mfalme asiye na mashamba ya kugawia wakuu wake hana jeshi. Mwanahistoria Michael Aung-Thwin ndiye aliyeifafanua sana hoja hii, kwamba kilichoujenga ufalme wa Bagan ndicho kilichoudhoofisha. Baadhi ya wafalme walijaribu kuirudisha ardhi, lakini nani angekubali kubeba laana zile za kwenye mawe?

Mfalme wa mwisho mwenye nguvu, Narathihapate, anakumbukwa kwa kujigamba kuwa hula bakuli 300 za mchuzi kwa siku. Alipoanza kujenga stupa ya Mingalazedi, uvumi ukaenea kwamba pagoda ikiisha, na nchi itakuwa imekwisha. Akasimamisha kazi kwa miaka kadhaa, kisha akaimaliza mwaka wa 1284.

Wakati huo majeshi ya Kublai Khan, mtawala Mmongolia wa Uchina, yalikuwa tayari yamelishinda jeshi lake vitani mwaka wa 1277. Narathihapate akakimbilia kusini, na mpaka leo Waburma humwita mfalme aliyewakimbia Wachina. Mwaka wa 1287 aliuawa na mwanawe mwenyewe. Nguvu za ufalme zikahamia miji mingine. Mahekalu yakabaki, na mahujaji hawakuacha kuja.

Babu zetu ng'ambo ya mto

Mwaka wa 1945 vita vilifika Bagan. Kabla ya hapo, mwaka wa 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa imepigana ikishuka Bonde la Kabaw katikati ya mvua, mpaka ikafika mto Chindwin mwezi wa Disemba.

Brigedi ya 28 ya Afrika Mashariki nayo ilipewa kazi ya kuwahadaa Wajapani. Ilitumwa upande wa magharibi wa mto Ayeyarwady, kusini mwa Bagan, ijionyeshe kana kwamba jeshi zima litavukia huko. Wajapani walipoishambulia vikali, jeshi la Waingereza na Wahindi lilikuwa linavuka karibu na Nyaung U na Bagan penyewe, katikati ya mwezi wa Februari.

Kwa hiyo, msomaji, kama babu yako alikuwa katika brigedi hiyo, yeye na wenzake walivuja damu ng'ambo ya mto ili wengine wavuke salama mbele ya mahekalu haya. Historia ya Bagan ina ukurasa wetu pia, ingawa vitabu vya wageni huupitia haraka.

Mji ni wa nani?

Tarehe 8 Julai 1975 tetemeko kubwa la ardhi liliitikisa Bagan na kuangusha vilele vingi. Wataalamu wa nchi za nje walikuja kusaidia. Baadaye serikali ya kijeshi ikashika kazi kwa namna yake.

Mwaka wa 1990 wakazi waliokuwa wakiishi ndani ya kuta za mji wa kale waliamriwa wahame. Walipewa muda mfupi, wakapelekwa kama kilomita 4 kusini, mahali palipokuwa mashamba ya njugu. Leo pale panaitwa Bagan Mpya. Watu ambao wazazi wao walifagia nyua za mahekalu wakawa wanakuja kama wageni. Serikali ilisema inahifadhi urithi. Waliohamishwa walijiuliza urithi bila warithi ni kitu gani.

Miaka ya 1990 hiyo hiyo ikaanzishwa kampeni ya kujenga upya. Mamia ya mahekalu yaliyobaki misingi tu yaliinuliwa kwa matofali mapya, mengi yakifanana kama yaliyotoka katika kiwanda kimoja. Wataalamu walilalamika kwamba hiyo si historia, ni kubuni. Jaribio la wakati huo la kuiingiza Bagan katika orodha ya Urithi wa Dunia halikufaulu.

Lakini sikiliza na upande wa pili. Fedha nyingi za kazi hiyo zilitoka kwa Waburma wa kawaida, wafanyabiashara na jamaa zilizochangishana ili zipate thawabu. Kwao hekalu lililoanguka si picha nzuri ya kupiga jioni. Ni nyumba ya Buddha iliyobomoka, na mwenye imani huitengeneza. Walifanya kile walichofanya mababu zao miaka 800 iliyopita.

Tarehe 24 Agosti 2016 tetemeko jingine, la kipimo cha 6.8, liliharibu mahekalu yapatayo 400. Kilele cha Sulamani kiliporomoka huku vumbi likitanda. Wataalamu walipokagua waligundua kwamba sehemu nyingi zilizoanguka ni zile zilizoongezwa katika karne ya 20. Kazi ya wale wa kale ilistahimili zaidi. Wakati huu ukarabati ulikwenda polepole na kwa uangalifu, na kupanda juu ya mahekalu kukapigwa marufuku.

Mwaka wa 2019 UNESCO iliikubali Bagan kuwa Urithi wa Dunia. Sababu mojawapo iliyotolewa ni hii hii tunayoizungumzia: kwamba desturi ya kutafuta thawabu bado inaishi pale. Kila mwezi mpevu wa Pyatho, ambao huangukia Disemba au Januari, wakulima hufika Ananda na jamaa zao kwa sikukuu, na watawa husoma maandiko usiku na mchana. Wavulana hunyolewa vichwa kuwa watawa kwa muda, wakiwa wamevalishwa kwanza kama wana wa mfalme. Ni kama jando kwetu, siku ambayo mzazi hukopa ili mwanawe apendeze.

Ukitaka kwenda

Tuseme ukweli. Huu si wakati wa matembezi mepesi. Tangu jeshi lilipotwaa serikali Februari 2021, Myanmar imekuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, na serikali nyingi huwaonya raia wake. Tetemeko la tarehe 28 Machi 2025 liliua maelfu ya watu, hasa Mandalay na Sagaing, ingawa Bagan haikuumia kama miji hiyo. Wachongaji, wagema na mafundi wa Myinkaba, wanaotengeneza bakuli za mianzi na kuzipaka utomvu mweusi safu baada ya safu kwa miezi mingi, wamekaa miaka bila wanunuzi.

Na kwa vijana: tangu mwaka wa 2022 Wakenya wengi wamedanganywa kwa ahadi za kazi nono nchini Thailand, kisha wakavushwa mpaka hadi kambi za ulaghai wa intaneti nchini Myanmar. Wakala akikutajia nchi hiyo, uliza kwanza Wizara ya Mashauri ya Kigeni.

Amani ikirudi, hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi. Wasafiri hupitia nchi za Ghuba au Bangkok hadi Yangon, kisha huchukua ndege ndogo hadi Nyaung U, au basi la usiku. Miezi mizuri ni Novemba hadi Februari, kabla joto halijazidi. Baiskeli inatosha kukuzungusha kati ya mahekalu.

Kwa sasa, peleka watoto Gede, karibu na Malindi, mji wetu wa kale ulioingizwa katika orodha hiyo hiyo ya UNESCO mwaka wa 2024. Tofauti na Bagan, huko ni mawe ya matumbawe badala ya matofali, na nyumba za watu zimebaki pamoja na misikiti. Waulize watoto kule: je, kati ya tunavyojijengea leo Nairobi, ni kipi kitakachokutwa kimesimama baada ya miaka 800, nacho tulikijenga kwa ajili ya nani?